Ngozi Inayoning'inia Shingoni: Maswali ya Wafugaji wa Tanga

Shikamoo bwana mifugo. Niko Pongwe. Ng'ombe wangu wa kienyeji ana ngozi ndefu inayoning'inia toka kooni mpaka kidarini. Wale chotara hawana kubwa hivyo. Ni ugonjwa?

Marahaba. Hayo ni maumbile tu. Ng'ombe wenye nundu, kama zebu wetu na Borani, wana ngozi nyingi shingoni kuliko wenye asili ya Ulaya. Pofu dume, yule mnyama wa porini, naye anayo. Wengi husema kazi yake ni kupunguza joto, ila watafiti walipowahi kuiondoa kwa upasuaji, ng'ombe waliendelea kuvumilia joto karibu vilevile. Linalokuhusu zaidi ni kupe, maana mikunjo ile ni maficho yao. Siku ya kuogesha, inua ngozi upulize dawa ndani. Watu huishia mgongoni wakajiona wamemaliza kazi.

Mbuzi wangu ana mfuko chini ya taya. Jioni mkubwa, asubuhi umepungua. Jirani anasema nimpasue utoke usaha.

Weka wembe chini kwanza. Bonyeza uvimbe kwa kidole gumba, subiri kidogo, achia. Shimo likibaki, humo mna maji, si usaha. Kutwa nzima kichwa kiko chini anakula majani, maji yanashuka tayani. Usiku akipumzika yanapungua. Ukipasua utamwachia kidonda tu, na chanzo kitabaki palepale.

Chanzo chenyewe ni damu kupungukiwa protini, hata maji yakavuja kutoka mishipani. Kwa mbuzi na kondoo, wa kwanza kushukiwa ni mnyoo wa tumboni anayenyonya damu. Vuta kope la chini utazame ndani: mbuzi mzima ana wekundu unaong'aa, mwenye minyoo mingi amepauka, karibu mweupe. Huyo hasubiri gulio la wiki ijayo.

Ng'ombe na mbuzi wanaolishwa mabondeni penye maji yaliyotuama, nashuku pia minyoo ya ini, ambayo hukulia kwanza ndani ya konokono wa majini. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha: sindano ya ivermektini haiui minyoo ya ini, hata uirudie mara ngapi. Albendazoli huua ile iliyokomaa, lakini ng'ombe aliye katika mwezi na nusu wa mwanzo wa mimba asipewe. Kipimo hufuata uzito wa mnyama, na siku za kutokunywa maziwa zimeandikwa kwenye chupa, zisome.

Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, nayo huleta upungufu wa damu na uvimbe wa namna hii. Unguja walimaliza mbung'o miaka ya 1990 kwa kuwaachia madume tasa waliozalishwa hapahapa Tanga, nasi huku bara bado tunao. Kwa hiyo dawa ya minyoo isipoleta nafuu, damu ipimwe.

Je, maji yakijaa kidarini na si tayani?

Kwa ng'ombe wa mjini anayelishwa majani ya kukatwa, nauliza kama amemeza waya au msumari. Waya huo ukitoboa tumbo hufika mpaka kwenye mfuko wa moyo. Mishipa ya shingo hutuna, naye huona tabu kuteremka mteremko. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Ndama ana tezi ngumu chini ya sikio na homa. Mzee wetu hulichoma kwa chuma cha moto.

Mwambie kwa heshima aache. Hiyo yaelekea ni ndigana kali, inayoletwa na kupe wa masikio. Vimelea vimeshaenea mwilini, kwa hiyo kuchoma tezi ni kumtesa ndama bure. Dawa yake, buparvakwoni, husaidia ikiwahi, kabla hajaanza kuhema kwa shida. Chanjo pia ipo.

Mbuzi wa maziwa ana vinyama viwili kama hereni kooni. Nivikate?

Viache. Ni vya kurithi, havimdhuru.

Jogoo ana vidonda vikavu kwenye upanga na zile ndevu nyekundu chini ya mdomo.

Mara nyingi ni ndui ya kuku, inayosambazwa na mbu. Mtenge, safisha vidonda, na wazima wachanjwe kwenye bawa. Zile ndevu zikivimba zikawa za moto, huku wengine wanaharisha na kufa ghafla, usijitibie kwa kubahatisha. Peleka mzoga maabara ya mifugo.

Ng'ombe alivimba koo, akaanguka ghafla, damu nyeusi ikatoka puani na haigandi. Tumewahi kumchinja, nyama iliwe?

Isiliwe, hata ikichemshwa sana. Hiyo ni dalili ya kimeta. Msimchune wala kumpasua zaidi, kwani vimelea vikipata hewa hujenga mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Fukuzeni mbwa, mwiteni afisa mifugo asimamie kuchoma au kuzika kwenye shimo refu. Waliomgusa wanawe kwa sabuni na maji mengi, waende hospitali leo waeleze walichogusa. Akitokea mtu na kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati, asikae nacho nyumbani akipaka mafuta: kimeta cha ngozi hutibika kwa antibiotiki, mgonjwa akiwahi.