Nyumba Iliyojaa, Mgeni wa Kulipwa na Siri Isiyotupika

Kuna mtu ambaye hajamruhusu dada yake wa damu kuvuka kizingiti cha nyumba yake kwa miaka tisa. Nilipomuuliza ni nani aliyeingia kwake mara ya mwisho, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule ninayemlipa." Nilidhani ni fundi bomba. Alimaanisha mfanyakazi wa ngono, mwanamke mmoja ambaye humwita kila baada ya miezi miwili hivi. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, naye ameridhia niandike.)

Mimi hutibu watu wenye ugonjwa wa kurundika vitu. Kwamba analipia ngono alinieleza ndani ya dakika kumi za kikao cha kwanza. Hali ya nyumba yake ilimchukua miezi minne kuitamka. Tumezoea kudhani hakuna aibu inayoipita ile ya chumbani, lakini kwa mrundikaji aibu kubwa ni sakafu ambayo haijaonekana kwa miaka. Ndiyo maana anayefunguliwa mlango si dada, bali mgeni aliyelipwa asiulize. Ndugu ataingia, atalia, atapiga simu kwa ndugu wengine. Mgeni ataingia, atatoka, na yamekwisha.

Hadi 2013 kurundika kulihesabiwa kuwa dalili tu ya ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudiarudia. Mwaka huo mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliupa ugonjwa wa kurundika nafasi yake wenyewe, na Shirika la Afya Duniani nalo likafanya hivyo katika ICD-11. Kiini chake ni ugumu wa kuachana na kitu, kiwe na thamani au kisiwe nayo, mpaka vyumba vishindwe kufanya kazi yake. Kitanda hakilaliki, jiko halipikiki, bafu haliogeki.

Bafu ndilo linalowakutanisha wawili hawa na tatizo. Kabla ya mgeni kufika, mteja wangu (mimi namwita mteja, na yule mwanamke pia anamwita mteja) hutumia siku mbili nzima kuandaa nyumba. Hatupi hata karatasi moja. Anahamisha: magazeti ya kitandani yanakwenda koridoni, nguo za koridoni zinakwenda bafuni, maboksi yanapanda juu ya nguo. Mwishowe kinapatikana kijia cha kupita kiubavuubavu, na mwisho wa kijia kuna kitanda chenye shuka safi. Mgeni anaingia na kusema jambo la kawaida kabisa katika kazi yake: "Oga kwanza." Bafu limejaa mpaka darini.

Mgeni hapo humwona mtu mchafu asiyetaka maji. Mteja anasikia hukumu juu ya maisha yake yote. Kila mmoja yuko kwenye mazungumzo yake.

Niseme wazi kwamba kurundika na uchafu si kitu kimoja. Nimeingia nyumba zilizojaa vitu hadi dirishani, zote zikinukia sabuni. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza walitumia jina la Diogenes kuelezea wazee waliojitelekeza katika uchafu mzito, na tangu hapo watu wanabandika jina hilo kwa kila nyumba iliyojaa. Jina lenyewe ni la ajabu: Diogenes, mwanafalsafa wa Wagiriki wa kale, husimuliwa kwamba alitupa hata kikombe chake alipomwona mtoto akinywa maji kwa viganja. Lakini vitu vingi hufanya usafi uwe mgumu. Usichoweza kukifikia huwezi kukifagia, na wadudu hupata maficho mengi.

Kwa hiyo, dada au kaka unayefanya kazi hii ya ngono, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa sisemi kwa mafumbo. Kunguni husafiri ndani ya mikoba na pindo za nguo. Usiweke mkoba kitandani wala chini. Uning'inize, au uufunge ndani ya mfuko wa plastiki. Ukirudi, nguo ulizovaa zifuliwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi.

Muhimu kuliko kunguni ni njia ya kutokea. Nyumba ambayo huwezi kuifikia milango yake haraka si ya kuvulia viatu, hata mwenyewe awe mpole kiasi gani. Una haki ya kuondoka. Nyuzilandi imeiandika haki ya kukataa katika sheria yake ya 2003, na Ubelgiji ikaiingiza katika sheria iliyoanza kutumika Desemba 2024. Kwingi kwingine kazi yenyewe ni kosa, kwa hiyo mwanamke hawezi kumlalamikia mtu popote, naye mwanamume anaogopa kuanikwa. Usiri wao hapo ni kama watu wawili walioshikana kooni.

Ukikataa, kataa mahali, usimkatae mtu. "Hapa sina nafasi ya kupita, tukutane chumba cha kukodi" ni sentensi ambayo mrundikaji anaweza kuibeba. "Unaishije hivi?" ataibeba miaka kumi. Na usimsaidie kutupa. Mwanamke mmoja alinisimulia jinsi alivyojaza mifuko miwili ya magazeti huku mteja wake anaoga, akaishusha kwenye pipa la taka alipoondoka. Aliona amefanya hisani. Mteja hakumpigia simu tena. Sisi wataalamu tunalijua hilo: nyumba iliyosafishwa kwa nguvu hujaa upya, na aliyesafishiwa haamini mtu tena.

Kuwatahadharisha wenzako pia kunawezekana bila kumvua mtu nguo. "Njia ya kutokea imezibwa" inatosha. Picha haihitajiki, wala kicheko. Mpaka wa usiri, kwangu, ni hatari kwa mtu asiyejichagulia: mtoto ndani ya nyumba hiyo, mzee asiyeweza kutembea, karatasi zilizolala juu ya jiko linalowaka huku majirani wako ng'ambo ya ukuta. Hapo mwambie mwenyewe kwanza, na asiposikia tafuta njia ya kuwafikishia wanaohusika bila kueleza ulikwenda kufanya nini.

Sasa jambo ambalo wafanyakazi wa ngono wengi hawalifikirii. Mnaamini mteja msiri ni yule asiyesema. Ni kweli mrundikaji hasemi, lakini pia hatupi. Simu zake zote za zamani zipo, kila moja na namba zako. Kile kikaratasi ulichomwandikia "nimefika salama" kipo. Risiti ya chumba, kibanio cha nywele ulichosahau, vyote vimehifadhiwa kwa upendo ndani ya boksi lililofunikwa na boksi. Siku atakapolazwa au kufa, nyumba itafunguliwa na ndugu wale wale aliowakimbia, nao watapitia kimoja kimoja. Siri hutunzwa kwa kutupa, na kutupa ndiko kusikowezekana kwake. Kwa hiyo usimwachie karatasi, tumia jina la kazi, na namba ya kazi iwe mbali na namba ya mama yako.

Nilimweleza mteja wangu hoja hiyo hiyo. Hatari ya moto haikumgusa. Hoja ya dada yake kuisoma simu ilimgusa. Tulianza na boksi moja la simu saba zilizokufa, akazishika moja moja kwa wiki tatu kabla ya kuziacha zipelekwe zikasagwe. Baada ya hapo aliniomba tufanye bafu. Limechukua miezi mitano, na sasa maji yanafika sakafuni. Dada yake bado hajaingia.