Jibini haidai divai nyekundu

Kwa miaka mingi watu wameaminishwa kwamba jibini ikiwekwa mezani, divai nyekundu ndiyo mwenzake wa asili. Imani hiyo haina msingi imara, na inawanyima wengi ladha nzuri.

Divai nyekundu hupata ukakasi wake kutokana na tanini, viambato vya asili vinavyokausha ulimi, ambavyo hutoka hasa kwenye maganda na mbegu za zabibu. Jibini laini yenye chumvi nyingi inapokutana na tanini kali, mara nyingi ulimi hubaki na uchungu, na utamu wa maziwa hupotea. Divai nyeupe haina tanini nyingi, na uchachu wake husafisha mafuta kinywani.

Wenyeji wa maeneo yenye mizabibu walilijua hilo zamani. Katika bonde la mto Loire, Ufaransa, jibini ya maziwa ya mbuzi ya kijiji cha Chavignol huliwa pamoja na divai nyeupe ya Sancerre: kipande kidogo cha mviringo, kikavu kwa nje na cheupe ndani, huwa na ladha kana kwamba kimekamuliwa limau. Huko Jura, mashariki mwa Ufaransa, jibini ngumu ya Comté huandamana na vin jaune, divai ya zabibu za Savagnin ambayo hukaa kwenye mapipa kwa zaidi ya miaka 6 na hunukia kama jozi. Kwangu mimi, hakuna mlingano unaoupita huo. Roquefort nayo, jibini ya maziwa ya kondoo yenye ukungu wa buluu, kwa chumvi yake kali, hupendeza zaidi na divai nyeupe tamu ya Sauternes.

Divai nyekundu nyepesi, au iliyokomaa hadi tanini zake zikalainika, bado inafaa kwa jibini ngumu.