NRR si desibeli utakazopunguziwa

Herufi hizi tatu, NRR (Noise Reduction Rating, yaani kipimo cha kupunguza kelele), ziko kwenye karibu kila pakiti ya vizibo vya masikio inayotoka Marekani, na baadhi ya wanaofundisha watu kulenga shabaha hapa Nakuru wamezigeuza hesabu ya darasa la pili. Juzi nimesikia tena mkufunzi akimtuliza mwanafunzi aliyevaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko vya masikio juu yake: "Ndani una 33, nje una 27. Hizo ni 60, hutasikia kitu." Kijana akaitika, "Sawa, afande." Risasi ya kwanza ilipolia, akafumba macho na bega likamruka. Ya pili akaifumbia macho hata kabla ya kufyatua.

Maana yake ni fupi. NRR ni makadirio ya desibeli ambazo kifaa kinaweza kupunguza kabla kelele haijaingia sikioni. Desibeli nayo ni kipimo cha ukubwa wa sauti, kilichopewa jina la Alexander Graham Bell, yule wa simu, na kila zikiongezeka 10 nguvu ya sauti inazidi mara 10. Bunduki ya .22 hufikia kama desibeli 140 na bastola ya milimita 9 hukaribia 160, kwa hiyo tofauti yao ni kama mara 100 hivi, ingawa kwenye karatasi inaonekana ni 20 tu. Basi, maana imekwisha.

Kinachonikera ni jinsi namba hii inavyoaminiwa na watu wasiojua ilikotoka. Lebo ya NRR iliwekwa kisheria na EPA, shirika la mazingira la serikali ya Marekani, mwaka 1979, kwa kufuata utaratibu wa upimaji wa mwaka 1974. Katika utaratibu huo watu huketishwa kwenye chumba kimya, na mpimaji mwenyewe ndiye anayewavisha vizibo, akihakikisha vimekaa barabara. Kisha wanasikilizishwa kelele hafifu na kusema ni wakati gani wanaanza kuisikia. Hakuna bunduki wala kishindo chochote katika chumba hicho. Namba inayopatikana inahusu kelele ya mfululizo, ile ya mashine ya posho inayonguruma kutwa, na lebo yenyewe inaeleza kwamba huenda isiwe kipimo sahihi cha kinga dhidi ya milio ya ghafla kama ya bunduki. Maneno hayo yako pale pale kwenye pakiti, kwa maandishi madogo, chini ya ile namba kubwa ambayo kila mtu huisoma.

Hata kwa mashine ya posho, 33 haibaki 33 mtu akijivalisha mwenyewe. OSHA, wasimamizi wa usalama kazini huko huko Marekani, hutoa 7 kisha wakagawa kwa 2, na 33 inabaki 13. Hizi vilevile ni hesabu za kiwandani, lakini zinaonyesha wenye namba yao wanaiamini kiasi gani. Sisi nasi, kanuni zetu za kelele kazini za mwaka 2005 zinaweka kikomo cha 140 kwa mlio wa ghafla. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasivuke 120.

Sasa ile 60. Wapo wanaojua kwamba si sahihi, ila sababu wanayotoa nayo si sahihi: eti desibeli hazijumlishwi. Kama vifaa viwili vingefanya kazi kila kimoja kivyake, punguzo lake lingejumlishwa vizuri tu. Tatizo ni kwamba havifanyi hivyo. Kizibo na kifuniko vinashirikiana hewa ile ile iliyonaswa kati yao, na punguzo likishafika desibeli 40 hadi 50 sauti inapita kwenye mfupa wa fuvu, ambako hakuna sponji ya kuizuia. Ndiyo maana kanuni inayotumika ni kuchukua kilicho na namba kubwa na kuongeza 5. Yaani 33 juu ya 27 ni 38, tena kwenye karatasi.

(Vile vifuniko vinavyouzwa kwenye hadiwea kwa ajili ya mafundi mara nyingi vimeandikwa SNR, kipimo cha Ulaya. Kifaa kile kile huwa na SNR kubwa kuliko NRR, kwa hiyo msivilinganishe.)

Kwa mwanafunzi mgeni, namba zote hizi zinashindwa na shavu lake. Anapolilaza kwenye kitako cha bunduki, kitako kinasukuma ukingo wa kifuniko juu, na upenyo unafunguka wakati ule ule anapofyatua. Mkono wa miwani hufanya vivyo hivyo, na misuko minene pia, au kilemba kilichopita juu ya sikio. Hapo ndipo kizibo cha ndani kinapookoa, kama kimeingia. Kisokote kiwe chembamba, mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, kisukume ndani, kishikilie nusu dakika kivimbe. Mwambie aseme jina lake: sauti yake mwenyewe imjie nzito, kama inatoka kifuani. Halafu afunike masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo hakijakaa, kitolewe kirudiwe.

Wewe mkufunzi ukiwa na uwezo, nunua vifuniko vya kielektroniki vinavyokuza maneno na kubana milio, mwanafunzi avae hivyo juu ya vizibo. Anayesikia maelekezo hainui kifuniko kuuliza "unasema?" huku jirani yake chini ya paa lile lile la mabati akiendelea kupiga.

Kwa hiyo afande, kumvisha vyote viwili umefanya vema, usiache. Ila usimwambie ni 60. Mwambie mlio utamfikia, umepungua, na umkague masikio kabla hujamkabidhi silaha. Na kama ipo .22, aanze nayo hiyo.