Kila kifaa na cheti chake: kwa wenye sensa na mita za mtandaoni hapa Tanga

Habari zenu wadau. Oktoba ndo mwezi wa uelewa wa usalama mtandaoni na kitengo chetu kimeombwa kitoe elimu kuhusu vifaa vinavyotuma taarifa kwa intaneti, maana malalamiko yamezidi, kuanzia wenye majokofu ya samaki pale Deep Sea mpaka wenye pampu za umwagiliaji Muheza, na ukiyasikiliza vizuri mengi yanaishia palepale: fundi kasajili cheti kimoja cha kidijitali (kitambulisho cha kifaa mbele ya seva) halafu kakikopi kwenye vifaa vyote.

Ila kwanza tumalizane na hili la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, maana wapo wanaodhani karatasi ya idhini yake ndo cheti tunachokiongelea. Idhini ya TCRA ni ya modeli ya kifaa, kwamba kinaruhusiwa kutumika nchini. Tunachoongelea hapa ni faili la X.509 (muundo wa kawaida wa vyeti vya kidijitali) linalokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukitambulisha kwa seva kila kinapounganisha, kwa MQTT, yaani njia ya vifaa kutumiana ujumbe, kawaida ni poti 8883. Mtu anakuja dirishani na karatasi imepigwa laminesheni anasema cheti anacho, jamani, seva haisomi laminesheni.

Wengi wenu mnatumia AWS IoT Core, huduma ya Amazon ya kuunganisha vifaa, kwahiyo nitaenda na kamandi zake. Ufunguo wa siri tengeneza kwa programu ya openssl, kila kifaa na wake, saini cheti kwa CA yako (mamlaka inayosaini vyeti) ambayo tayari umeshaisajili, kisha:

aws iot register-certificate --certificate-pem file://jokofu1.pem --ca-certificate-pem file://ca.pem --status ACTIVE

Hiyo file:// isiachwe. Ukiandika jokofu1.pem tupu, kamandi inachukua hilo jina lenyewe kama ndo cheti, seva inakataa, na wewe unaanza kulaumu bando. Na ACTIVE iandike mwenyewe, cheti kikikaa INACTIVE kipo kwenye orodha lakini kifaa hakiingii. Kamandi ikikubali inarudisha ARN, yaani utambulisho kamili wa cheti hicho ndani ya AWS, itunze, maana bado una attach-policy ya kukipa ruhusa na attach-thing-principal ya kukifunga kwa kifaa husika. Kwenye ruhusa acheni kuweka nyota (*), yaani ruhusa ya kila kitu, kila mahali eti ili ifanye kazi haraka, sensa ya joto ina shida gani ya kusoma mada (topic, njia za ujumbe) za pampu ya jirani?

Kwanini tunakazania kimoja kwa kimoja. Sensa moja ikiibiwa na cheti ni cha wote, ukikifuta umezima na majokofu mengine yote, usipokifuta mwizi anatuma joto la uongo kwa jina lako. Na mkikopi programu nzima pamoja na ID ya mteja (client ID, jina ambalo kifaa kinajitaja nalo kwa seva) ndo balaa zaidi, kifaa cha pili kikiingia cha kwanza kinatolewa, kikirudi kinakitoa cha pili, siku nzima, halafu tunaambiwa mtandao wa Tanga mbovu.

Kufuta kuna utaratibu wake na haurukwi. Unaanza na update-certificate ukiweka --new-status REVOKED, au INACTIVE kama unachunguza tu, halafu detach-policy, halafu detach-thing-principal, ndo mwisho delete-certificate. Cheti ambacho bado ni ACTIVE, au bado kina ruhusa au kifaa kilichofungwa nacho, hakifutiki, na hapo hakuna wa kumpigia simu akusaidie kimyakimya.

Kwa anayedhani kutumia cheti cha mwingine ni ujanja, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo bila idhini: faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida uliyopata, kutegemea ipi ni kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Hatusemi kila kosa la fundi linafika huko, hilo ni la mahakama.

Jambo lingine dogo ila linasumbua sana: umeme ukikatika ukarudi, vidude kama ESP32 (chipu ndogo yenye Wi-Fi) vinaamka na saa ya mwaka 1970, vikikikagua cheti cha seva vinaona muda wake haujaanza na vinagoma. Weka programu ichukue saa sahihi mtandaoni kwa NTP kwanza ndo iunganishe.

Ukikwama njoo na ID ya cheti, kamandi uliyoandika na ujumbe wa kosa kama ulivyotokea. Ufunguo wa siri usituletee wala usiturushie WhatsApp, ukishautuma tunakushauri ukafute hicho cheti na uanze upya, hata kama umetutumia sisi.