Kuacha kazi ukimkimbia anayekuandama: yanayosemwa, na sheria ilivyo Marekani

Dada anayetunza wazee anatoka zamu saa tano usiku. Gari lile lile, taa zimezimwa, limeegeshwa karibu na lake. Ni mara ya nne wiki hii. Anawaza kuacha kazi, na mwenzake anamwambia: "Ukiacha mwenyewe, huna chako."

Kwa kawaida ndivyo. Hata Tanzania, fao la NSSF la upotevu wa ajira halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari, ndiyo maana wengi wetu tunafika Marekani na imani hiyo. Lakini huko bima ya kukosa ajira ina sheria za kila jimbo, na Washington, Oregon na Texas zimeandika wazi kwamba anayeacha kazi ili kujikinga na mtu anayemwandama hanyimwi malipo kwa sababu hiyo. Yapo majimbo yanayotaja ukatili wa nyumbani tu, basi angalia sheria ya jimbo ulilofanyia kazi. Huko ndiko unakodai, hata kama umekimbilia kwingine.

"Lazima awe mume au mpenzi." Hapana. Katika majimbo hayo matatu, kuandamwa kumetajwa kando ya ukatili wa nyumbani. Anaweza kuwa mteja, mfanyakazi mwenzako, au mtu usiyemjua.

"Mpaka afungwe kwanza." Hili linaniuma zaidi, maana linamfanya mtu asubiri. Texas inakubali amri ya ulinzi ya mahakama au kumbukumbu ya polisi, hukumu haihitajiki. Kwa hiyo ripoti mapema, uombe nakala. Hifadhi kila ujumbe na tarehe yake, piga picha ya gari ukiwa mahali salama. Na barua ya kuacha kazi iseme sababu yenyewe. Tafadhali usiandike "sababu za kifamilia" kwa aibu. Maneno hayo yanaweza kukugharimu, kwa sababu mwajiri naye ataulizwa kwa nini uliondoka.

"Nitaharibu kadi yangu ya kijani." Kadi hiyo ni kibali cha ukaazi wa kudumu, na malipo haya hayahesabiwi kuwa kuitegemea serikali. Ni bima inayotokana na kodi ya waajiri, na umeifanyia kazi. Ila uwe na kibali cha kufanya kazi, na uwe tayari kupokea kazi nyingine iliyo salama.

Ukikataliwa, kata rufaa upesi: Texas siku 14, Washington siku 30. Omba mkalimani wa Kiswahili, usimtegemee mtoto wako akutafsirie mambo haya.

Na wale wanaoogopa kwamba barua zitamwonyesha anayewaandama wanakolala: Washington ina mpango wa anwani mbadala tangu 1991. Barua zinatumwa kwenye anwani ya serikali, kisha unaletewa ulipo.