Kubeba bunduki wazi mbele ya madiwani: maana yake nchini Marekani

Kubeba silaha wazi ni kutembea na bastola au bunduki mahali pa watu bila kuificha. Bastola inakaa kwenye ala kiunoni, juu ya shati, kila mtu aione. Bunduki ndefu inaning'inia begani kwa mkanda wake. Anayeificha chini ya koti anafanya jambo jingine kisheria, na kanuni zake mara nyingi ni tofauti. Hapa naeleza hali moja tu: raia wa Marekani anayekwenda na silaha yake wazi kuonana na watu waliochaguliwa kwa kura, yaani madiwani wa mji, makamishna wa kaunti, wajumbe wa bodi ya shule, au wabunge wa jimbo lake. Msomaji aliyekulia Tanzania au Kenya amezoea kwamba mwenye bunduki mkutanoni ni askari au mlinzi wa mkubwa fulani. Raia wa kawaida akiingia nayo ukumbini kuuliza habari za barabara, tungemwita mwasi. Katika majimbo mengi ya Marekani si kosa, na polisi wa mlangoni huenda wakamsalimu tu akapita.

Mzizi wa jambo ni Marekebisho ya Pili ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayotaja haki ya watu kumiliki na kubeba silaha. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana kama haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja au ni ya jeshi la mgambo la jimbo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu ilisema ni ya mtu binafsi, lakini ilizungumzia bunduki ya nyumbani. Mwaka 2010, katika kesi ya McDonald, haki hiyo ikazibana pia serikali za majimbo na miji. Kisha Juni 2022, katika kesi ya Bruen, mahakama ikasema haki hiyo inamfuata mtu hadi nje ya nyumba yake. Hata hivyo jimbo bado lina nafasi ya kuchagua namna ya kubeba. New York na Illinois, kwa mfano, hutoa leseni za kubeba bastola kwa kificho na kukataza kuibeba wazi.

Watu wengi husikia habari za Bruen wakadhani kila mlango umefunguliwa. Sivyo. Tangu Heller majaji walisema marufuku ya silaha shuleni na kwenye majengo ya serikali haikuguswa, na katika Bruen wakataja kwa jina mahali ambapo tangu zamani silaha zilikatazwa: mabunge, vituo vya kupigia kura na mahakama. Wazo lenyewe ni la kale kuliko Marekani. Sheria ya Northampton ya mwaka 1328, huko Uingereza, ilikataza mtu kwenda na silaha mbele ya majaji na maofisa wa mfalme, au sokoni na kwenye magulio. Kikao cha madiwani hutunga sheria ndogo, hupanga kodi na huamua ardhi ya nani itumike vipi. Sioni sababu ya msingi ya kukitenga na bunge katika orodha hiyo.

Lakini kuruhusiwa na Katiba kukataza ni jambo moja, na kuwa na mamlaka ya kukataza ni jingine, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Ungetarajia halmashauri ya mji ipige kura, iandike kanuni, ibandike tangazo mlangoni, basi. Zaidi ya majimbo 40 yana sheria zinazozizuia serikali za mitaa kutunga kanuni zao za silaha, kwa viwango mbalimbali. Mamlaka yamebaki kwa bunge la jimbo, ambalo huenda liko mbali sana na limejaa wabunge wasiowahi kukalia kiti cha diwani. Florida ilikwenda mbali zaidi mwaka 2011: sheria yake ilisema kiongozi wa mtaa anayepitisha kanuni ya silaha kwa makusudi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na hata kuondolewa madarakani. Virginia ilielekea upande mwingine mwaka 2020, ikazipa serikali za mitaa ruhusa ya kukataza silaha katika majengo yao, bustani zao na mikusanyiko yenye kibali. Kwa hiyo bastola ile ile, juu ya kiuno kile kile, ni halali katika ukumbi wa mji mmoja na ni kosa la jinai ukivuka mpaka wa jimbo.

Kuna mstari wa pili wa kuuelewa. Kubeba si kutishia. Mtu aliyetulia na bastola ndani ya ala yuko ndani ya haki yake pale sheria inaporuhusu. Akiichomoa, akiielekeza kwa mtu, au akiishika huku akitoa maneno ya vitisho, ameingia kwenye makosa ambayo kila jimbo linayaadhibu kwa jina moja au jingine. Kwenye karatasi mstari huo umenyooka kabisa. Ukumbini haujanyooka hata kidogo, kwa kuwa diwani anayetazama mtu mwenye hasira, mwenye bunduki kifuani, hana njia ya kujua kama ataishia kwenye hotuba.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Lansing, makao makuu ya jimbo la Michigan. Tarehe 30 Aprili 2020, wakati wa korona, wabunge walikuwa wanajadili kama muda wa hali ya dharura ya Gavana Gretchen Whitmer uongezwe. Waandamanaji waliingia katika jengo la bunge, baadhi yao na bunduki ndefu, wakapanda hadi roshani inayotazama ukumbi wa Seneti. Seneta Dayna Polehanki alituma picha yao akieleza kwamba walikuwa wakiwapigia kelele kutoka juu, na kwamba baadhi ya wenzake walikuwa wamevaa fulana za kuzuia risasi. Wenye bunduki hawakuvunja sheria kwa kuzibeba. Jengo hilo wakati huo lilikataza mabango, kwa hofu ya kuharibu kuta, lakini halikukataza bunduki. Siku chache baadaye mbunge Sarah Anthony, mwanamke mweusi, aliingia bungeni akisindikizwa na raia wenye silaha waliojitolea kumlinda. Jambo hilo linanisumbua kuliko picha za roshani. Mwakilishi aliyechaguliwa alihitaji kundi lake la bunduki ili akae kwenye kiti chake kwa amani, na wasiokuwa na kundi wakajikalia roho juu. Januari 2021 tume inayosimamia jengo ilikataza kubeba silaha wazi ndani yake.

Si mara ya kwanza kwa Marekani kuona hivyo, na aliyebeba hubadilisha sana namna taifa linavyopokea. Tarehe 2 Mei 1967 watu wapatao 30 wa Black Panther, chama cha kutetea watu weusi, wakiongozwa na Bobby Seale, waliingia na bunduki katika bunge la California mjini Sacramento. Walikuwa wanapinga muswada wa mbunge Don Mulford uliolenga doria zao za Oakland, ambako walikuwa wakiwafuata polisi, wao wenyewe wakiwa na silaha wazi, ili kuwachunga wasiwaonee watu weusi. Muswada ukapita mwaka huo huo, na Gavana Ronald Reagan, ambaye baadaye angependwa sana na watetezi wa silaha, akautia saini. Kutembea na bunduki yenye risasi hadharani kukawa kosa California.

Watetezi wa kubeba wazi wana hoja, na zinastahili kuelezwa kwa haki. Wanasema haki isiyotumika hunyauka, na kwamba mwananchi mwenye silaha anawakumbusha viongozi kuwa mamlaka yanatoka kwa watu. Wanasema pia kwamba muuaji hatangazi bunduki yake. Hiyo ya mwisho ina ukweli ndani yake. Huko Kirkwood, Missouri, tarehe 7 Februari 2008, mkazi aliyekuwa na ugomvi wa miaka na mji alimpiga risasi askari nje, akachukua bastola yake, akaingia kwenye kikao cha halmashauri. Aliua watu watano usiku ule, madiwani wawili wakiwamo, na meya aliyejeruhiwa alifariki miezi kadhaa baadaye. Agosti 2013, katika kikao cha Ross Township huko Pennsylvania, mtu aliyepoteza kiwanja chake kwa kesi na mji aliua watu watatu. Tangazo la mlangoni lisingemzuia yeyote kati yao.

Lakini kumbukumbu za vikao hivyo ndizo zinazofanya silaha iliyo wazi iwe nzito. Kila diwani wa mji mdogo anazijua, na wengi wao hulipwa kidogo na hawana mlinzi. Na si madiwani peke yao waliomo ukumbini. Kikao cha mji wa Marekani huwa na muda wa wananchi kusema: unajiandikisha, unaitwa kwenye maikrofoni, unapewa dakika mbili au tatu. Jirani anayetaka kusema kinyume na mwenye bunduki aliyeketi safu ya mbele anatazama, anapima, kisha anakunja karatasi yake na kurudi nyumbani. Hakuna aliyemtishia, wala hakuna kesi ya kufungua. Sauti yake haimo kwenye kumbukumbu za kikao. Utafiti wa mwaka 2021 wa ACLED, shirika linalokusanya takwimu za migogoro, na Everytown, shirika linalotaka sheria kali zaidi za silaha, ulihesabu maandamano tangu Januari 2020: yale yaliyokuwa na watu wenye silaha yaliishia kwenye vurugu au uharibifu kwa asilimia 16, na yale yasiyo na silaha kwa chini ya asilimia 3. Walionyamaza hakuna takwimu inayowahesabu, na kwangu hao ndio hasara kubwa. Haki ya kusema na kuiomba serikali imo katika Marekebisho ya Kwanza, na inamhusu asiye na bunduki sawasawa na mwenye nayo.

Upande wa pili wa meza nao unaweza kukosea. Tarehe 20 Januari 2021, katika kikao cha mtandaoni cha kaunti ya Grand Traverse, Michigan, mwananchi aliwaomba makamishna walaani Proud Boys, kundi la siasa kali za mrengo wa kulia. Kamishna mmoja akatoka mbele ya kamera, akarudi ameshika bunduki. Mwananchi alishtaki kwamba alitishwa kwa sababu ya maneno yake, na mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, mahakama ya shirikisho inayosikiliza rufaa za Michigan, ikaruhusu kesi iendelee.

Waswahili wanaoishi Marekani, wanaokwenda vikaoni kwa habari za shule za watoto au leseni ya duka, wajue mambo mawili. Kwanza, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kuwa na bunduki au risasi, hata katika jimbo lenye uhuru mkubwa wa silaha. Misamaha ni michache, kama ile ya mwenye leseni ya uwindaji. Usikubali rafiki akushikishe ya kwake hata kwa picha. Pili, ukiogopa kuingia ukumbini, muulize katibu wa mji kama maoni yanapokelewa kwa maandishi au kwa simu, na uombe yaingizwe kwenye kumbukumbu. Muulize pia kikao kinafanyika jengo gani. Halmashauri iliyofungwa mikono na sheria ya jimbo mara nyingine bado inaweza kuhamishia kikao chake kwenye jengo la mahakama au la shule, ambako silaha mara nyingi zimekwisha katazwa na jimbo lenyewe, na ombi kama hilo linaweza kuletwa na mkazi yeyote.