Vumbi hupimwa kwa mtu, si kwa ukuta

Nikiitwa kiwandani kupima hewa, mara nyingi kitu cha kwanza ninachoonyeshwa ni ukuta. "Kifaa chako kiweke pale karibu na ofisi ya msimamizi, pana umeme na hakitamzuia mtu." Pale ukutani hakuna anayevuta pumzi. Anayevuta ni kibarua aliyesimama mdomoni mwa faneli, anayapasua magunia kwa kisu na kuyamwaga, uso wake ukiwa juu kabisa ya lile wingu.

Napima hewa ya mahali pa kazi hapa Mombasa: Changamwe, Shimanzi, Miritini, na kando ya bandari ambako nafaka na klinka, yaani malighafi ya saruji, hushushwa melini. Naandika haya kwa sababu nimesoma ripoti nyingi zenye mihuri na saini ambazo, ukizichunguza, hazisemi lolote kuhusu mfanyakazi hata mmoja.

Kupima mtu kunafanyika hivi. Pampu ndogo hufungwa kwenye mshipi wake. Mpira mwembamba hupanda mgongoni, ukapita begani na kuishia kwenye kichwa cha kuchujia kilichobanwa kwenye ukosi, si zaidi ya sentimita 30 kutoka puani. Atakwenda nayo kila anakokwenda mpaka shifti iishe. Wengi huitilia shaka. Mama mmoja wa kushona magunia aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiki kidude kinatusikiliza?" Nikamfungulia akaona mna nini ndani: karatasi nyeupe ya duara, basi. Ukiruka maelezo hayo, pampu utaikuta imetundikwa chooni au imefunikwa kwa leso, na kipimo kimekufa.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme ni kiwanda cha unga. Pampu inavuta lita 2 za hewa kwa dakika, kwa saa 8, yaani dakika 480. Hizo ni lita 960, au mita za ujazo 0.96. Chujio likirudi maabara limeongezeka miligramu 4.8, unagawanya na kupata miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kikomo kinachotumika Uingereza kwa vumbi la unga ni miligramu 10 kwa wastani wa saa 8. Meneja akiona hivyo anafurahi: tuko nusu. Nitaurudia mfano huu, kwa sababu hiyo nusu inadanganya.

Kwanza niseme habari ya unyevu, kwa maana pwani yetu ina lake. Tunatafuta uzito ambao mkono hauwezi kuuhisi, na karatasi huvuta maji ya hewani. Chujio lililopimwa kwenye chumba kikavu, likashinda Shimanzi, likapimwa tena papo hapo, linaweza kubeba jasho la Mombasa likahesabiwa kuwa vumbi. Ndiyo maana machujio hulazwa kwenye chumba chenye unyevu na joto lisilobadilika kabla ya kila kupimwa, na kila mara tunabeba machujio matupu yanayokwenda kiwandani na kurudi bila kufungwa kwenye pampu. Haya yakiongezeka uzito, ongezeko hilo linatolewa. Pampu nayo hukaguliwa kasi yake asubuhi na jioni. Ikiwa imepotea zaidi ya asilimia 5, kipimo hicho mimi sikitumii. Ripoti isiyotaja machujio matupu wala ukaguzi wa pampu naiweka kando.

Halafu kuna swali la vumbi gani. Chembe za kufikia maikroni 100 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) zinaweza kuingia puani na mdomoni, lakini kubwa hunaswa huko juu na kutoka na kamasi. Zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni za kama maikroni 4 kushuka, na jicho halizioni mojamoja. Kwa hizo tunatumia saikloni, kichwa kinachoizungusha hewa hadi chembe kubwa zianguke chini na ndogo zipite kwenye chujio. Mahali pa kukata mawe au kupuliza mchanga kwa shinikizo, ndani ya vumbi hilo mna madini ya silika, inayoleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na dawa ya kuuponya. Marekani tangu 2016 imeweka kikomo cha silika kuwa miligramu 0.05. Linganisha na ile 10 ya unga: tofauti ni mara 200. Hivyo anayekwambia "vumbi letu ni kidogo" bila kutaja ni vumbi la nini hajakwambia kitu.

Kemikali nitazipitia kwa ufupi. Mvuke wa thina hunaswa kwenye mrija wa kioo wenye chembe za mkaa maalumu, ukapelekwa maabara. Pua isiwe kipimo, kwa sababu huzoea harufu haraka. Hatari zaidi ni ghala za nafaka zilizofukizwa kwa vidonge vinavyotoa gesi ya fosfini vikikutana na unyevu. Kikomo chake Marekani ni sehemu 0.3 kwa milioni, na mtu asiingie kwa kunusa mlangoni. Aingie baada ya kifaa cha kusoma papo hapo kusema ndiyo.

Sasa turudi kwenye ule unga. Mchana kutwa mjaza magunia anapata vumbi la wastani. Jioni mashine zinazimwa na msimamizi ananiambia nikusanye vifaa, kazi imekwisha. Hapo ndipo mifagio mikavu inatoka. Sakafu inafagiliwa, kingo za mashine zinapigwa kwa kitambaa, kisha kijana anachukua mpira wa kompresa na kujipuliza: nywele, kwapa, magoti, halafu anampulizia mwenzake mgongoni. Wingu linasimama kati yao. Barakoa wameshavua, maana na wao wanajua kazi imekwisha. Nikiwa na kifaa cha kusoma papo hapo, huona mstari ukipanda katika dakika hizo hadi ukazidi chochote kilichoonekana tangu asubuhi. Ukizima pampu kabla ya mifagio, umepima sehemu safi ya siku.

Na siku yenyewe ina saa ngapi? Vikomo hivi vimepangwa kwa mtu anayefanya kazi saa 8 akapumzika 16. Viwanda vingi vyetu shifti ni saa 12. Anavuta kwa muda mrefu zaidi na mapafu yanapata muda mfupi zaidi wa kujisafisha. Kwa kanuni ya Brief na Scala, hesabu ya kurekebisha vikomo kwa shifti ndefu, shifti ya saa 12 hushusha kikomo hadi nusu. Ile 10 inakuwa 5. Mfanyakazi wetu wa miligramu 5 hayuko nusu tena. Yuko pale pale kwenye mstari wa kikomo, na bado hatujahesabu ufagio.

Upepo pia. Mabanda yaliyo wazi pande mbili hupimwa vizuri kusi ikivuma. Rudi wakati wa maleleji, hewa imetulia, uone.

Linaloniuma zaidi ni vibarua wa getini. Orodha ninayopewa ina waajiriwa wa kudumu, na kazi chafu kuliko zote, kama kusafisha silo au kufagia chini ya mikanda, hufanywa na wasio kwenye orodha. Hawavalishwi pampu, hawapigwi picha ya kifua, na akikohoa mwezi ujao amekwisha kubadilishwa. Siku hizi sianzi kazi mpaka nimesimama getini alfajiri nikaona nani anaingia.

Viwanda vingine huwapa paketi ya maziwa "yaoshe kifua". Maziwa huenda tumboni, vumbi limekwenda mapafuni, na njia hizo hazikutani. Fedha hiyo ingeanza kununua mashine ya kunyonya vumbi badala ya ufagio. Na kofia ya kunyonya ikifungwa juu ya faneli, iwe karibu: ukiisogeza mbali kwa umbali sawa na upana wa mdomo wa bomba, nguvu yake ya kuvuta hewa hubaki kama sehemu moja ya kumi.

Vumbi pia hufuata nguo nyumbani. Mtaa wa Owino Uhuru hapa Mombasa ulitufunza madini ya risasi ya kiwanda yanavyoingia kwa majirani na watoto. Mwaka wa 2020 mahakama hapa Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Nguo za kazi zifuliwe kiwandani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama penye wafanyakazi 20 au zaidi, yenye wawakilishi wao, na ukaguzi kila mwaka. Mkiwa kwenye kamati hiyo, ombeni ripoti ya hewa na muitazame kwa haya: pampu ilivaliwa na mtu wa kazi gani, iliwashwa na kuzimwa saa ngapi, kufagia kulikuwamo, kikomo kimerekebishwa kwa urefu wa shifti yenu, na kibarua yupo. Kama inataja tu "karibu na ofisi ya msimamizi", itakeni ifanywe upya.